Kufumbata na Kufumbua: Kani za Kikemia baina ya Kimeng'enya na Kimeng'enywa

Utangulizi

Maziwa yanayotiwa katika kibuyu mjini Eldoret, au katika vijiji vinavyouzunguka mji huo, hayabaki na utamu wake kwa muda mrefu. Kibuyu hicho, ambacho Wakalenjin hukiita sotet, huwa kimesuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet. Maziwa huingizwa yakiwa mabichi au baada ya kuchemshwa na kupozwa, kisha huachwa kwa siku kadhaa hadi yawe mursik. Katika muda huo, bakteria waliomo kibuyuni hufanya kazi isiyoonekana kwa macho: huitwaa sukari ya maziwa, yaani laktosi, wakaikata vipande viwili, kisha wakavigeuza vipande hivyo kuwa asidi inayoyapa maziwa uchachu wake.

Ukataji huo si jambo jepesi. Molekuli ya laktosi ni sukari mbili, galaktosi na glukosi, zilizounganishwa kwa kifungo cha kikemia kilicho imara mno. Kifungo cha aina hiyo kikiachwa katika maji matupu yenye joto la kawaida, huweza kudumu kwa mamilioni ya miaka. Ndani ya bakteria hukatwa katika sehemu ndogo ya sekunde. Kinachofanya kazi hiyo ni protini iitwayo kimeng'enya. Makala haya yanalenga kueleza ni nini hasa kinachoishika laktosi na kuituliza mahali pamoja hadi ikatwe. Swali linaweza kuonekana kuwa la maabara tu, lakini jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini dawa ya kupe humdhuru mfugaji aliyeisahau glavu, na kwa nini dawa ya malaria iliyotegemewa nchini Kenya mwaka 1998 ilikuwa imepoteza nafasi yake kufikia mwaka 2004.

Kuhusu istilahi

Neno kimeng'enya limezoeleka katika vitabu vya sayansi vya Kiswahili, hasa vya Tanzania. Linatokana na kitenzi meng'enya, yaani kuvunjavunja kitu hadi kiwe vipande vidogo. Kwa upande wa kile kinachotendewa, waandishi wengi hukwepa tatizo kwa kutumia maelezo marefu. Hata hivyo, mofolojia ya Kiswahili inatoa jawabu bila gharama: maadamu kuna kimeng'enya kinachotenda, kauli ya kutendwa inatupa kimeng'enywa kinachotendewa. Jozi hii ndiyo inayotumiwa hapa.

Ikumbukwe hata hivyo kuwa istilahi hiyo ina kasoro. Vimeng'enya vingi havivunji chochote. Vipo vinavyounganisha, vinavyohamisha, na hata vinavyoongeza tu atomu mbili za haidrojeni mahali fulani. Waliolibuni neno hili bila shaka walikuwa wakilifikiria tumbo na chakula. Neno limekwisha kukomaa na si busara kulifukuza, lakini mwanafunzi asilichukulie kuwa ni maelezo kamili ya kazi.

Kufuli, ufunguo na kiganja

Mnamo mwaka 1894, mwanakemia Mjerumani Emil Fischer, aliyekuwa akichunguza jinsi vimeng'enya vinavyokata sukari, alitumia tashbihi ambayo bado inafundishwa shuleni: kimeng'enya na kimeng'enywa hulingana kama kufuli na ufunguo wake. Tashbihi hiyo ilieleza vizuri jambo moja, nalo ni uteuzi. Kimeng'enya kinachokata sukari moja huweza kuipuuza nyingine iliyo karibu kufanana nayo kabisa.

Lakini kuna mambo mawili ambayo tashbihi hiyo inayaficha. Kwanza, kufuli haivutii ufunguo. Ufunguo hutiwa na mkono wa mtu, na ndani ya seli hakuna mkono. Pili, kufuli haibadiliki umbo inapopokea ufunguo, ilhali protini hubadilika. Mwaka 1958 Mmarekani Daniel Koshland alipendekeza kwamba kimeng'enya hujirekebisha pale kimeng'enywa kinapoingia, mfano wa glavu inavyochukua umbo la mkono unaoivaa.

Wanafunzi wa Kiswahili wana njia ya mkato ya kuielewa fikra ya Koshland. Katika mnyambuliko wa vitenzi ipo kauli ya kutendata, ambayo siku hizi haizalishi maneno mapya kwa wingi, lakini imeacha alama katika vitenzi kama kamata, ambata na fumbata. Fumba ni kufunga tu, kama afumbavyo mtu macho. Fumbata ni kufunga kiganja juu ya kitu kilichomo, hali vidole vikikigusa kitu hicho pande zote na kulifuata umbo lake. Kimeng'enya hakifumbi, hufumbata. Katika kufumbata huko kila mguso ni kani.

Kani zenyewe

Kifungo kinachounganisha atomu mbili ndani ya molekuli, kwa mfano kaboni na oksijeni zinazozishikanisha sukari mbili za laktosi, huhitaji takriban kilojuli 350 kwa moli ili kivunjwe. Hicho ni kifungo ambacho atomu hushirikiana elektroni. Kani nyingi zinazokishika kimeng'enywa si za aina hiyo. Ni dhaifu mno zikilinganishwa nacho, na udhaifu huo ndio msingi wa mambo yote yatakayofuata.

Kani inayotajwa zaidi ni kifungo cha haidrojeni. Atomu ya haidrojeni iliyounganishwa na oksijeni au nitrojeni hunyang'anywa sehemu ya elektroni yake, ikabaki na chaji chanya kidogo. Ikikaribiana na oksijeni nyingine yenye chaji hasi kidogo, huvutwa. Mvuto huo huwa na kilojuli chache, pengine zikafika 30 hivi kwa moli. Sukari zina vikundi vingi vya oksijeni na haidrojeni vilivyochomoza kila upande, na kila kikundi ni mahali pa kushikwa. Galaktosi na glukosi zinatofautiana kwa jambo moja tu: kikundi kilicho kwenye kaboni ya nne kimeelekea upande mmoja katika galaktosi na upande wa pili katika glukosi. Kimeng'enya cha laktosi hukitambua kikundi hicho kwa sababu asidi amino zinazokingojea zimekaa upande ule wa galaktosi. Sukari yenye kikundi kilichogeukia kwingine hukosa mguso huo, na kwa kuukosa huponyoka.

Halafu kuna mvuto wa chaji kamili, chanya na hasi, ambao ni mkubwa zaidi lakini hupunguzwa sana na maji. Kuna pia kani za van der Waals, zilizopewa jina la mwanafizikia Mholanzi Johannes Diderik van der Waals. Hizi hutokea baina ya atomu zozote zilizokaribiana vya kutosha, kwa kuwa elektroni hazitulii na kila mara upande mmoja wa atomu huzidiwa na mwingine kwa muda mfupi. Kani moja ya aina hii ina kilojuli 1 hadi 4 tu kwa moli. Mtikisiko wa joto la kawaida, ambao ni kama kilojuli 2.5 kwa moli, unatosha kuitingisha. Lakini kiganja kilichofumbata vizuri kina miguso mingi ya namna hiyo kwa wakati mmoja, na umbo linalolingana ndilo linalowezesha miguso hiyo kuwapo. Kwa hiyo tashbihi ya Fischer haikukosea. Ilitaja umbo bila kutaja kazi ya umbo.

La mwisho ni lile linaloitwa kani kwa mazoea tu: tabia ya sehemu zenye mafuta kuyakwepa maji. Samli ikitiwa katika maji ya uvuguvugu, matone yake hukusanyika. Si kwamba samli inaipenda samli kupita kiasi. Maji ndiyo yanayopendana, na hupata uhuru zaidi yanapoacha kujipanga kuzunguka kila tone. Vivyo hivyo, sehemu ya kimeng'enywa isiyopatana na maji huingia katika ufa wa kimeng'enya wenye tabia kama hiyo, na maji yaliyokuwa yamefungika pande zote mbili huachiliwa.

Hapa maji yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu maelezo mengi ya vitabu huyasahau. Kabla ya kuingia katika kimeng'enya, sukari haikuwa mpweke. Vikundi vyake vyote vilikuwa vimekwisha kushikana na maji kwa vifungo vya haidrojeni. Ili iingie, ni lazima iyaache maji hayo, na hasara hiyo ni lazima ilipwe na vifungo vipya. Kinachobaki baada ya malipo ni faida ndogo. Kimeng'enya huishi kwa faida hiyo.

Kwa nini kushika sana ni hasara

Mtu anaweza kudhani kwamba kimeng'enya bora ni kile kinachokishika kimeng'enywa kwa nguvu kabisa. Sivyo. Mwaka 1946 Linus Pauling alieleza kuwa umbo ambalo kimeng'enya hulishika vyema zaidi si la kimeng'enywa kilichotulia, bali ni lile la muda mfupi ambalo kimeng'enywa hulipitia kinapobadilika. Tufikirie ala iliyoshonwa ili itoshee upinde uliokwisha kuvutwa. Upinde mlegevu ukisukumwa ndani yake, ala yenyewe huulazimisha kujikunja. Ala iliyoshonwa kwa upinde mlegevu ingeuhifadhi vizuri sana, na kwa sababu hiyo upinde usingejikunja kamwe.

Katika kimeng'enya cha laktosi, asidi glutamiki mbili hufanya kazi hiyo ya kukunja na kukata. Moja huipa protoni ile oksijeni iliyo kati ya sukari mbili, na glukosi ikaachiliwa. Nyingine huishika galaktosi kwa kifungo halisi cha kushirikiana elektroni, kisha molekuli ya maji huingia na kukivunja kifungo hicho, na galaktosi nayo ikatoka. Kwa muda mfupi, basi, kimeng'enya hutumia hata kani kubwa. Tofauti ni kwamba kifungo hicho kimepangwa mahali ambapo maji yataweza kukifungua. Wanasarufi wangesema kuwa kutendata kunafuatwa na kutendua: kilichofumbatwa hufumbuliwa, na kiganja kikawa tupu tena.

Binadamu nao wana kimeng'enya cha kazi hiyo utumboni, laktasi. Kwa watu wengi duniani kiasi chake hupungua baada ya utoto, na maziwa mabichi huwasumbua matumbo. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliochapishwa mwaka 2007 na kuwahusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kuwa wengi katika jamii za wafugaji wa eneo hili wana badiliko la herufi moja katika DNA linalofanya laktasi iendelee kutengenezwa ukubwani. Badiliko hilo halipo ndani ya jeni ya laktasi yenyewe bali karibu nayo. Kani za kufumbata hazikubadilika. Kilichoongezeka ni idadi ya viganja. Kwa asiye na bahati hiyo, kibuyu kimekwisha kumfanyia sehemu ya kazi kabla maziwa hayajamfikia.

Katika josho

Wafugaji wa Uasin Gishu wanamjua kupe kwa sababu ya ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe wa gredi kwa siku chache. Kwa miaka mingi mojawapo ya silaha zilizotumiwa katika majosho, au dipu kama wenyeji wanavyoyaita, na katika pampu za kunyunyizia, ni dawa za jamii ya oganofosfeti. Dawa hizi hazimchomi kupe wala hazimzibi pumzi. Humvuruga kwa kukikamata kimeng'enya kimoja.

Kimeng'enya hicho ni asetilikolinesterasi. Mshipa wa fahamu unapotaka msuli ukaze, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Msuli ukishakaza, ni lazima kemikali hiyo iondolewe mara moja, la sivyo amri hubaki inatolewa bila kikomo. Asetilikolinesterasi huikata, na hufanya hivyo kwa kasi ya maelfu ya molekuli kwa sekunde. Mwaka 1991 Joel Sussman na wenzake walichapisha umbo lake, walilolipata kutoka kwa samaki wa jamii ya taa anayetoa umeme. Mahali pa kukatia palionekana kuwa chini kabisa ya korongo jembamba lenye kina cha takriban nanomita 2.

Asetilikolini ina chaji chanya, na wengi walitarajia kuwa korongo hilo lingekuwa limejaa chaji hasi za kuipokea. Badala yake kuta zake zilikuwa na asidi amino 14 zenye pete za kaboni, mojawapo ikiwa triptofani iliyo karibu na sakafu. Pete hizo hazina chaji kamili, lakini uso wa kila pete umefunikwa na wingu la elektroni. Chaji chanya ya asetilikolini huvutwa na wingu hilo bila kunaswa. Kama pangekuwa na chaji hasi kamili kila hatua, huenda mgeni angekwama njiani. Ni mfano bora wa kushika kwa kadiri.

Sakafuni ipo serini moja, ambayo kwa muda mfupi hujiunga na kipande cha asetilikolini kwa kifungo halisi, kisha maji hukivunja. Oganofosfeti huingia kwa kufuata njia ileile na hujiunga na serini hiyohiyo. Tofauti ni kwamba badala ya kaboni, atomu inayoungana na serini sasa ni fosforasi, na maji hushindwa kuifungua kwa wakati. Kazi iliyokuwa ikimalizika katika sehemu ndogo ya sekunde huchukua saa au siku. Baadhi ya dawa hizi hupoteza kipande kimoja zikiwa palepale na kufungamana kabisa na kimeng'enya, kiasi kwamba hakifunguki tena na ni lazima mwili utengeneze kingine. Hapa hatuna tena kutendata. Ni kutendama, kama katika gandama na kwama: hali ya kubaki.

Binadamu ana serini hiyo katika korongo kama hilo. Dawa ikipenya kwenye ngozi ya mkono au ikivutwa na pumzi, mfugaji huanza kutokwa na mate na machozi, kutoa jasho, kuona kiwi, kulegea misuli na, hali ikizidi, kushindwa kupumua. Onyo la kuvaa glavu na barakoa linatokana na kani hiyo moja. Hospitalini hutumika atropini, ambayo huzuia sehemu ya athari za asetilikolini iliyorundikana, na pengine pralidoksimi, ambayo huivuta fosforasi itoke kwenye serini. Pralidoksimi hufaa tu kabla ya kile kipande kupotea. Ndiyo maana mgonjwa aliyecheleweshwa nyumbani kwa kunyweshwa maziwa huwa amepoteza muda ambao hakuna dawa inayoweza kuurudisha.

Vimelea vinavyokataa

Kutoka josho hadi malaria si mbali, kwa kuwa sehemu za nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, Uasin Gishu ikiwemo, zimeorodheshwa miongoni mwa maeneo yanayoweza kukumbwa na milipuko ya malaria. Mwaka 1998 Kenya iliiacha klorokwini na kuifanya dawa mseto ya salfadoksini na pirimethamini, iliyojulikana na wengi kwa jina la Fansidar, kuwa ya kwanza kutolewa. Kufikia mwaka 2004 sera ilibadilishwa tena, zamu hii kuelekea dawa zenye artemisinini. Dawa ile mseto haikutoweka, kwani bado hutumika kuwakinga wajawazito katika maeneo yenye malaria nyingi, lakini kama tiba ilikuwa imeshindwa.

Pirimethamini hujifanya kimeng'enywa. Kimelea cha malaria kina kimeng'enya kinachoongeza haidrojeni kwenye dihaidrofoleti, hatua ambayo bila hiyo hakiwezi kutengeneza DNA. (Hapa hakuna kinachomeng'enywa, na kasoro ya istilahi inajidhihirisha.) Pirimethamini huingia mahali pa dihaidrofoleti. Chaji yake chanya hushikana na asidi aspatiki iliyo nafasi ya 54, na pete zake hujibana katika ufa usiopatana na maji. Hushika vizuri kuliko kimeng'enywa chenyewe, na haifanyi kazi yoyote. Kiganja kimejaa na hakuna kinachokatwa wala kuongezwa.

Kisha nafasi ya 108 ikabadilika. Badala ya serini, asidi amino ndogo, vimelea vingine vilikuwa na asparajini, ambayo ni kubwa zaidi kidogo. Pirimethamini ina atomu ya klorini inayofika karibu na hapo, na sasa ikawa inagongana na asparajini. Hakukuwa na haja ya kuvunja kifungo chochote kikubwa. Msongamano wa atomu chache ulitosha kula ile faida ndogo. Mabadiliko mengine katika nafasi za 51, 59 na 164 yalipoongezeka juu ya hilo, dawa ikawa haishiki tena. Dihaidrofoleti, kwa kuwa haifiki kwenye kona ile ya asparajini, iliendelea kuingia na kutoka.

Wanakemia waliolichunguza umbo hilo wamejaribu kuitumia tofauti hiyo. Molekuli iitwayo P218, iliyoelezwa mwaka 2012 na kisha kujaribiwa kwa binadamu, imeundwa ikiwa na mkia unaonyumbulika, na kwa makusudi haitokezi nje ya eneo ambalo dihaidrofoleti yenyewe hulijaza. Hugusa pale tu ambapo kimeng'enywa hugusa. Kimelea kitakachobadilisha kiganja chake ili kuikataa P218 kitakuwa kinajinyima pia dihaidrofoleti.